Kifungo cha Nje cha Baba

Tulipomzika baba, mdogo wangu ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu. Alisoma vizuri, sauti yake haikutetemeka. Kuzaliwa, kubatizwa, kuhamia Tunduma akiwa kijana, ndoa, kazi, watoto, ugonjwa. Watu wakatikisa vichwa kukubali kwamba ndivyo alivyokuwa. Mimi nilikuwa nimeketi mkekani karibu na mama, nasikiliza huku nikisubiri sehemu moja niliyojua haitasomwa. Haikusomwa kweli. Nani atasimama mbele ya mchungaji na jeneza aseme kwamba marehemu aliwahi kuwa mfungwa? Mdogo wangu mwenyewe alikuwa hajazaliwa wakati ule. Sijui hata kama anajua.

Lakini mimi, nikimtafuta baba yangu kumbukumbuni, ndipo ninapompata. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa sauti. Namsikia anakohoa uani kabla ya jua kuchomoza, nasikia geti la bati linalia, basi ameshaondoka. Jioni nasikia maji yanamwagika bafuni, na mama anasema, “Chakula kipo mezani, Baba Esta.” Alikuwa anavuta mkokoteni kule mpakani, wa kuvusha mizigo ya wafanyabiashara wanaokwenda na kutoka Zambia. Alifanya kazi hiyo na rafiki yake, Baba Sabina. Mmoja anavuta mbele, mwingine anasukuma nyuma. Sabina alikuwa darasani kwetu, darasa la pili, na tulikaa dawati moja kwa sababu baba zetu walikuwa mkokoteni mmoja. Kwa akili yetu ya kitoto hiyo ilikuwa sababu tosha.

Siku ya ugomvi sikuwepo. Ninachokijua nilikiokota kipande kipande kwa watu wazima waliodhani watoto hawasikii wakiwa wanacheza. Foleni ya malori ilikuwa ndefu siku hiyo, jua kali, vumbi, na mzigo wa sabuni umelowa kwa uzembe wa mmoja wao; kila mmoja akisema ni wa mwenzake. Wakatupiana maneno. Baba Sabina akamtukana baba kwa mama yake mzazi. Baba akaokota kile kigogo cha kuzuia tairi, akampiga nacho. Mkono wa Baba Sabina ukavunjika.

Baba akalala polisi, kisha kukawa na mambo ya mahakamani ambayo sikuyaelewa. Nakumbuka tu kwamba mama aliacha kuimba akipika, na kwamba watu waliingia kwetu wakiongea kwa sauti ya chini kama kwenye nyumba yenye mgonjwa. Kisha siku moja mchana geti likalia na baba akaingia kwa miguu yake mwenyewe, amekonda, ndevu zimeota. Mama alikaa chini palepale alipokuwa, juu ya mchanga. Jirani yetu aliyeongozana na baba kutoka mahakamani akasema, “Mungu ni mkubwa, shoga yangu. Kapewa kifungo cha nje.”

“Asante Yesu,” mama akasema. “Asante Yesu.”

Nami nikafurahi. Koti la baba, lile la kijivu alilolivaa wakati wa baridi, lilikuwa limepoteza kifungo cha katikati siku nyingi, upepo ukawa unampiga kifuani. Sasa serikali imempa kingine. Na kama ni cha nje, nikawaza, basi lazima kiwe kikubwa na cha kung'aa, maana cha ndani hakuna anayekiona. Nilisubiri akitoe mfukoni. Hakukitoa. Siku iliyofuata nikachukua kopo la mama la nyuzi na sindano, nikalimwaga juu ya kitanda na kuanza kupekua.

“Unatafuta nini humo?” mama akaniuliza kutoka mlangoni.

“Kifungo cha baba. Kile cha nje alichopewa.”

Mama alicheka kwanza. Kicheko kilimtoka ghafla kama mtu aliyetekenywa, kisha kikakatika, akageukia ukutani na kujifuta uso kwa kanga. Nikadhani nimekosea kumwaga kopo. Akarudi, akachukua mkasi, akavuta sweta lake lililokuwa limetundikwa msumarini na kukata kifungo cha chini kabisa. Kilikuwa cha kahawia, kikubwa, hakikufanana hata kidogo na vifungo vya koti la baba. Akakishona pale palipokuwa na pengo, akakata uzi kwa meno.

“Haya. Ndicho hicho. Sasa nenda kaoshe miguu.”

Jumatatu yake baba hakwenda mpakani. Alivaa lile koti, akanishika mkono, tukaenda pamoja shuleni. Sikuwa nimewahi kutembea naye asubuhi. Kiganja chake kilikuwa kigumu kwa kushika chuma cha mkokoteni, kikikwaruza kidogo, na nilikigandamiza makusudi ili kinikwaruze zaidi. Ilikuwa mwanzo wa baridi, pumzi zetu zilitoka kama moshi, na kutoka barabara kuu ulisikika mlio wa breki za malori, ile fyuuu ndefu. Baba akawa anaimba chinichini wimbo wa kwaya. Sikujua kama anajua kuimba.

Shuleni kulikuwa na mama mmoja mwenye miwani, aliyetoka Vwawa, ofisi za mkoa. Aliongea na Mwalimu Mkuu, akaongea na baba, akamwonyesha vyoo, uwanja uliojaa nyasi, na mawe yaliyopangwa kando ya njia kutoka getini hadi kwenye bendera. Baba alikuwa akijibu, “Ndiyo, mama. Nimeelewa, mama,” ijapokuwa yule mama alikuwa mdogo kwake. Kisha akapewa fyekeo, fagio la chelewa na ndoo. Tangu siku hiyo alifanya kazi pale kila asubuhi, mpaka mapumziko yaishe, ndipo alipokwenda kuhangaikia riziki yake. Kwa zile saa za asubuhi hakulipwa kitu. Hilo nililijua baadaye. Wakati ule nilijua jambo moja tu: baba yangu ameajiriwa na serikali, na ofisi yake ipo shuleni kwetu.

Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena kwa namna ile. Mwalimu akiandika ubaoni, nilisikia fyekeo linaimba nje, shwaa, shwaa, na harufu ya nyasi mbichi ikaingia madirishani yasiyo na vioo. Nikijua jibu, nilipaza sauti ili alisikie. Vyoo vya wasichana, ambavyo tulikuwa tukiviingia kwa kubana pua na kukimbia, vikawa vyeupe kwa chokaa. Hata mwalimu wa zamu siku moja alisimama mlangoni akasema, “Baba Esta, umetuheshimisha.” Wakati wa mapumziko nilimpelekea nusu ya kiazi changu. Alikula amechuchumaa, akinigawia tena nusu ya ile nusu, akaniuliza tumejifunza nini. Nami nikamweleza yote, hata yale ambayo hatukujifunza.

Kitu kimoja tu kiliniuma. Sabina alihama dawati. Alikwenda kukaa nyuma kabisa na hakunisemesha. Nilipouliza, mama alisema, “Mwache kwanza. Baba yake anaumwa.”

Bibi yetu, mama yake baba, alikaa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Kwa miguu si mbali, na sisi tulikuwa tukivuka kila Jumapili baada ya kanisa kwenda kumsalimu. Sasa baba alikuwa hafiki. Masharti yake hayakumruhusu kuvuka mpaka bila ruhusa, na Bibi alikuwa hajaambiwa lolote, maana alikuwa anaumwa presha na miguu imemvimba. Waliogopa habari itamwangusha. Basi kila akipiga simu aliambiwa baba ana kazi nyingi.

Siku moja simu iliita mama akiwa anaanua nguo. Nikapokea mimi.

“Mwapoleni, Bibi,” nikamsalimu kwa lugha yake.

“Mwapoleni, mwana. Baba yako ana nini na mimi? Amenisahau?”

“Hapana, Bibi. Ana kazi shuleni kwetu. Kapewa kifungo cha nje. Mama kakishona kwenye koti.”

Nilisikia Bibi anahema. Nyuma yake kuku alikuwa analia na mtu anaongea Kibemba. Kisha akaniuliza taratibu, “Baba yako kamfanya nani nini?” Lakini mama alikuwa amefika, akaninyang'anya simu, akaipeleka nyuma ya nyumba. Alirudi macho mekundu. Hakunigombeza. Alinivuta akaniegemeza tumboni kwake, ambako mdogo wangu alikuwa ameanza kuonekana, tukakaa hivyo hivyo mpaka upepo ukaangusha nguo zilizobaki kwenye kamba.

Ni Sabina aliyenifungua macho. Tulikuwa nje, baba amepiga magoti anapaka mawe chokaa, nami namwonyesha mtoto mgeni wa darasa letu: yule pale ni baba yangu, kaajiriwa na serikali, kapewa na kifungo.

Sabina alisimama mbele yangu. “Kifungo siyo cha shati,” akasema. “Kifungo ni jela. Baba yako mfungwa. Kamvunja baba yangu mkono, mpaka sasa kafungwa hogo.”

Watoto wakacheka, si wote. Nilimtazama baba. Alikuwa amesikia, brashi ilikuwa imesimama hewani na chokaa inadondoka kwenye goti la suruali yake. Nilikwenda mpaka pale alipo.

“Baba, wewe ni mfungwa?”

Angeweza kunidanganya. Nilikuwa na umri wa kudanganywa. Aliweka brashi kwenye kopo, akajifuta mikono kwenye nyasi.

“Ndiyo, mwanangu.”

“Mbona unalala nyumbani?”

“Hakimu alisema badala ya kukaa jela nifanye kazi ya watu wote. Nikiacha kuja, watanichukua.”

“Ulimvunja Baba Sabina mkono?”

“Nilimvunja.”

“Kwa nini?”

Akakwangua chokaa gotini kwake. “Alimtukana bibi yako,” akasema mwishowe. Na alivyolisema, nilihisi hata mimi, kwamba sababu hiyo alikuwa ameibeba siku nyingi na sasa hakuwa na hakika nayo. Sikujua nifanye nini. Nikachukua brashi, nikapaka jiwe moja. Nilipaka vibaya. Hakulirudia.

Bibi alikuja siku chache baadaye. Bajaji iliingia getini wakati wa mapumziko, ikasimama katikati ya uwanja, na dereva akamsaidia kushuka. Alikuwa amevaa vitenge viwili, kimoja juu ya kingine, na raba za mwanamume kwa sababu viatu vyake havikumwingia. Baba alipomwona alisimama haraka, akaficha brashi nyuma ya mgongo kama mtoto.

“Mama! Umekujaje? Ungepiga simu—”

“Endelea,” Bibi akasema. “Usisimame kwa ajili yangu. Kazi ya serikali hiyo.”

Akaketi juu ya jiwe ambalo halijapakwa rangi, fimbo magotini. Baba akapiga magoti tena. Shule nzima ilikuwa inaangalia, na mzee yule alimtazama mwanawe akipaka mawe mpaka alipomaliza safu, akasuuza brashi na kurudisha kopo stoo. Ndipo akamwita.

“Nimeambiwa ulipiga mtu kwa ajili yangu.”

“Alikutukana, mama. Mbele za watu.”

“Alinitukana.”

“Ndiyo.”

Bibi akanyoosha mguu mmoja, kisha wa pili. “Tusi lake lilinivunja wapi? Nionyeshe. Ni huu? Huu umevimba wenyewe. Ni huu? Huu ni uzee.” Akainua mikono yake, akaigeuza huku na huku mbele ya macho ya baba. “Mimi mzima. Mikono yangu ipo yote miwili. Ya mwenzako ipo?”

Baba akaitazama mikono ile. Machozi yalimtoka bila sauti, yakachanganyika na madoa ya chokaa usoni. Nilikuwa sijawahi kuona mwanamume analia na niliogopa, lakini Bibi alimfuta kwa ncha ya kitenge, kwa nguvu, kama anavyofutwa mtoto mwenye makamasi.

“Serikali imekupa fagio,” akasema. “Umelishika vizuri, nimeona. Lakini fagio hilo ni la shule. Nyumba ya mwenzako hujafika. Nibebee mfuko, Esta. Twende.”

Kwa Baba Sabina ni nyuma ya soko. Tulikwenda polepole, Bibi akisimama kila mara kuvuta pumzi, baba nyuma yake ameinamisha kichwa. Baba Sabina alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba, mkono kwenye hogo, ile plasta nyeupe, shati limetundikwa begani tu kwa sababu halikumwingia. Alipomwona baba akakaza uso. Alipomwona Bibi akasimama. Hakuna anayekaa mzee akiwa amesimama.

“Nimesikia ulinitukana nikiwa mbali,” Bibi akasema baada ya salamu. “Nimekuja unitukane nikiwepo.”

“Mama…” Baba Sabina akasema. “Mama, ilikuwa hasira. Nisamehe.”

“Nimekusamehe. Yangu imekwisha. Huyu hapa naye, ya kwenu semeni wenyewe.”

Baba akasogea mbele akapiga magoti. Akasema kosa lake bila kuongeza sababu, bila kutaja tusi. Baba Sabina alitazama pembeni, kwenye kamba ya nguo.  Aliyejibu ni mkewe, Mama Sabina, aliyekuwa mlangoni na mwiko mkononi.

“Msamaha hauvuni mahindi,” akasema. “Shamba letu la kule Mpemba, mahindi yameshakauka, ng'ombe za watu zinaingia zinakula. Mimi peke yangu, mtoto mgongoni. Mnakuja kupiga magoti hapa. Magoti yatanisaidia nini?”

 Bibi akatikisa kichwa, akiafiki kabisa, kama aliyekuwa akingoja neno hilo.

“Nitavuna mimi,” baba akasema, bado yuko chini.

“Na hao mahakama?”

“Mahakama ni asubuhi. Mchana ni wangu.”

Basi baridi yote ile baba alifanya kazi mara mbili, asubuhi shuleni, mchana Mpemba. Alirudi na makapi kwenye nywele na mikono imechanwa na majani ya mahindi. Alivuna, akarundika, akamenya. Mwanzoni Baba Sabina hakukanyaga shambani. Kisha akaanza kuja na kukaa mbali, juu ya kichuguu, akitazama. Kisha akawa anasogea. Jumamosi moja mama alitupeleka wote kwenda kupukuchua, na huko nikamkuta Sabina amekaa juu ya rundo la magunzi. Alinitazama muda mrefu. Halafu akasogea kidogo kuniachia nafasi, akanionyesha jinsi ya kutumia gunzi moja kusugua jingine ili vidole visiume. Hatukuzungumza habari ya vifungo. Tulishindana, akanishinda.

Jioni yake walishona magunia. Gunia likishajaa, lazima mtu ashike mdomo wake na mwingine apitishe sindano, na hapo wanaume walikuwa wawili tu. Baba alishika sindano, Baba Sabina akabana mdomo wa gunia kwa mkono mmoja na goti. Walikuwa karibu karibu, vichwa vinakaribia kugusana, na hawakuwa wamesemezana tangu siku ile ya mkokoteni.

“Vuta uzi,” Baba Sabina akasema.

“Nimevuta.”

“Vuta tena. Litapasuka njiani.”

Baba akavuta tena. Walishona gunia la pili, na la tatu, na wakati wa la mwisho Baba Sabina akauliza, bila kuinua macho, “Mama anaendeleaje?”

Sindano ikasimama. “Ameanza kula,” baba akasema. “Miguu imepungua.”

 Gunia lilipokwisha Baba Sabina aliondoka akaingia kati ya mabua, akakaa huko kiasi cha mama kuanza kuuliza amekwenda wapi. Alirudi amekumbatia boga kwa mkono wake mzima, boga kubwa la kijani lenye udongo upande mmoja, akaliweka miguuni kwa baba. “Hili la mama,” akasema.

Baba hakuweza kulivusha, kifungo chake kilikuwa bado. Tulilivusha mama na mimi, siku ya pili baada ya ibada, tukipokezana, mimi nikilibeba hatua chache na mama akilichukua tena. Bibi alilipokea kwa mikono miwili. Hakuuliza limetoka wapi. Tulipomwambia, alisema tu, “Eee,” akalipasua hapo hapo, akalipika lote, tukala sisi mpaka na jirani zake. Mbegu aliziosha na kuzianika kwenye ungo juani. Tulipoaga alikuwa ameshazifunga kwenye kipande cha kitenge, fundo dogo, akampa mama.

“Mpelekee mwanangu.”

Mama akalitazama lile fundo. Baba hakuwa na shamba. Sisi tulikaa mjini, uani kwetu palitosha kamba ya nguo na jiko. “Azipande wapi, mama?” akauliza.

Bibi alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyeuliza jambo lililo wazi.

“Simsemi huyo,” akasema. “Nasema mwenye shamba.”